Kuisoma Malazan kwa jicho la mchimbaji

Kila ninapomwazima mtu juzuu ya kwanza ya Malazan Book of the Fallen, mfululizo wa riwaya za kifantasia, baada ya siku nne au tano napata ujumbe uleule: "Hivi kuna kitabu kinachotangulia hiki? Mbona sielewi?" Hakuna. Gardens of the Moon, iliyotoka mwaka 1999, ndiyo ya kwanza, na nyuma yake zipo tisa nyingine, mpaka The Crippled God ya mwaka 2011. Zote pamoja zina maneno zaidi ya milioni 3. Mimi ni mwanaakiolojia, na naamini kazi hii ndiyo iliyonifundisha kuzisoma. Ndiyo maana nataka kuwaeleza mnaokwama njiani.

Steven Erikson, Mkanada aliyeziandika, naye amesomea akiolojia na anthropolojia. Ulimwengu huu alianza kuujenga mwaka 1982 pamoja na rafiki yake Ian C. Esslemont, mwanaakiolojia pia, kwa ajili ya mchezo wa mezani ambao kila mchezaji huvaa nafsi ya mhusika wake. Waliucheza kwa miaka. Himaya zikasimama na kuanguka kwenye karatasi zao kabla riwaya yoyote haijachapishwa. Kwa hiyo wewe msomaji ukifungua ukurasa wa kwanza, mambo mengi yamekwisha kutokea na hakuna atakayekaa chini akusimulie.

Ndivyo ilivyo shimoni. Tukichimba katika mji wa kale hapa pwani, tunaanza na tabaka la juu, yaani la watu wa mwisho kuondoka. Waliotangulia wako chini. Tunakutana na mwisho wa habari kabla ya mwanzo wake. Asubuhi mwiko unagonga kigae kimoja cha kauri ya Kichina, rangi ya kijani iliyofifia, hakizidi ukucha wa kidole gumba. Bakuli lenyewe halipo. Unakipa namba, unakitia kwenye mfuko wake, unaandika kina, unaendelea. Pengine siku tatu baadaye, hatua mbili kutoka pale, chekeche linabakiza mdomo wa bakuli lilelile. Mwanafunzi anayetaka kujua bakuli zima siku ya kwanza huteseka sana.

Sasa tazama anavyofanya Erikson. Katika juzuu ya kwanza, Lorn, mkono wa kulia wa Laseen, mtawala wa himaya ya Malazan, anasafiri nyikani, na kutoka mavumbini anainuka shujaa wa mifupa na ngozi iliyokauka. Ni mmoja wa T'lan Imass. Mkononi ana upanga wa jiwe la gumegume. Niliposoma pale nilikiweka kitabu chini. Upanga wa jiwe katika dunia ya chuma! Mwandishi hakusema "huyu ametoka enzi za kale sana." Ameonyesha kifaa tu, kama kinavyotokea shimoni, akaniachia mimi kukikadiria. Juzuu ya tatu, Memories of Ice, inafunguka takriban miaka 300,000 nyuma, na hapo ndipo unapoona watu hao walivyokuwa hai, na kwa nini walikubali kukikataa kifo ili wawafukuze maadui zao, Jaghut, vizazi na vizazi. Kigae kimekutana na bakuli lake, kurasa zaidi ya elfu moja baadaye.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usichokielewa kipe namba uendelee. Mbele ya juzuu kuna orodha ya wahusika na ramani, na nyuma ya nyingi kuna faharasa ya maneno. Zitumie bila aibu. Weka karatasi ndani ya kitabu uandike majina yanayojirudia, hasa ya askari, maana hao wana majina ya kupachikwa jeshini kama Whiskeyjack na Fiddler, na mtu mmoja anaweza kuwa na jina la kwao, jina la kikosini na jina la mafichoni. Usikimbilie intaneti kutafuta "fulani ni nani". Mstari wa kwanza utakwambia alivyokufa.

Jambo la pili ni mahali anapokusimamisha. Vita vya kuuteka mji wa Pale vimechukua miaka mitatu, lakini sisi tunaletwa siku ya mwisho, kilimani, moshi ukiwa bado unafuka. Bridgeburners, kikosi cha jeshi la himaya, kilikuwa chini ya kuta kikichimba mahandaki, na udongo umewafukia karibu wote. Waliobaki wanajiuliza kama ni ajali au amri. Himaya haielezwi kutoka kwenye kiti cha enzi. Inaelezwa na wale waliofukuliwa.

Nikiulizwa ni wapi mfululizo huu unafikia kilele chake, nitaitaja juzuu ya pili, Deadhouse Gates ya mwaka 2000, na safari inayoitwa Chain of Dogs. Nchi ya Seven Cities imeasi. Raia wa Kimalazan, makumi ya maelfu, wanakimbia kutoka Hissar kwenda Aren kupitia jangwa, wakilindwa na jeshi moja lililochoka. Kamanda wao ni Coltaine, Mwickan, na hapo ndipo penye uzito: kabila lake lenyewe lilitiwa chini ya himaya, na yeye aliwahi kuongoza uasi. Leo mtu aliyetekwa anawakinga raia wa waliomteka dhidi ya watu wengine waliotekwa. Erikson hakuhukumu kwa niaba yako. Waasi wana kisasi cha haki na wanafanya ukatili usiosemeka. Wakimbizi hawana hatia, ila miongoni mwao wamo wakubwa wanaodai heshima za hadhi yao huku wenzao wakifa kwa kiu.

Yote haya tunayaona kwa macho ya Duiker, mwanahistoria wa himaya, mzee, anayetembea na msafara ili habari isipotee. Kuna askari mwanamke anayekuwa karibu naye njiani. Wanashirikiana usiku, kila mmoja akijua kwamba kesho huenda asiwepo. Jina lake hatulijui kamwe. Mtu ambaye kazi yake ni kuandika majina amebeba mmoja asiye na jina. Nimewahi kupiga magoti ndani ya kaburi la kale nikisafisha kwa brashi mifupa ya mkono, ushanga mmoja ungali kwenye kifundo, na najua uzito wa kumkaribia mtu kiasi hicho bila kujua aliitwaje. Yaliyotokea mbele ya malango ya Aren sitayasema. Yasome mwenyewe, na siku hiyo usipange kazi nyingine.

Juzuu ya tano, Midnight Tides, itakuhamisha bara zima, na karibu kila uliyemzoea atatoweka. Wengi huacha hapo. Usiache, maana ndipo himaya inapoelezwa kwa namna nyingine kabisa. Lether, dola ya huko, haihitaji kuanza na jeshi. Inaanza na deni. Watoto wanarithi madeni ya wazazi, mataifa jirani yanamezwa kwa mikataba, na mkataba wenyewe unavunjwa mwanzoni kabisa, meli za Letherii, yaani watu wa Lether, zinapoingia katika maji ya jirani zao Tiste Edur kuwinda sili wenye pembe. Na juu ya paa la nyumba mjini Letheras analala Tehol Beddict, mtu anayepanga kuuangusha uchumi wote.

Dosari zipo. Juzuu ya kwanza iliandikwa miaka mingi kabla ya kuchapishwa, na kalamu yake ni nzito kuliko ya pili. Miaka na umri wa wahusika havipatani baina ya juzuu. Ya nane, Toll the Hounds, inakwenda taratibu mno kwa wengi, ingawa mimi naipenda.

Utakaporudia, na nawaomba mrudie, anzeni na dibaji ya Gardens of the Moon. Mvulana wa miaka kumi na miwili yuko juu ya ngome, mtaa wa maskini unaungua chini yake, na anamwambia askari aliye karibu kwamba akikua atashika upanga. Askari anamjibu kwamba hiyo ni kazi ya aliyeshindwa na mengine yote. Kando yao kuna chuma cheusi kinachoonyesha upepo, kimeliwa na kutu, na madoa yake yanafanana na ramani ya bahari za damu. Mara ya kwanza niliipita sentensi hiyo kama pambo. Mara ya pili niliitazama ile ramani ya kutu, nikaanza kuyataja mabara.