Kuita fanksheni za Windows kwa Python: dhana potofu na ukweli

Anayejifunza Python Dodoma, chuoni UDOM au kwenye kompyuta ya steshenari pale Majengo, hutamani mapema programu itakayojua kuwa umeme umekatika na kuhifadhi kazi ya mteja kabla chaji ya laptopu haijaisha. Windows inalijua hilo muda wote, na kuiuliza si kazi ngumu. Tatizo ni mambo yanayosemwa juujuu.

“Bila lugha ya C huwezi.” Unaweza. Moduli ya ctypes, inayokuwezesha kuita fanksheni zilizoandikwa kwa C ukiwa Python, imo ndani ya Python tangu toleo la 2.5, mwaka 2006, kwa hiyo huhitaji bando kuipakua. Andika `import ctypes`, kisha `ctypes.windll.user32.MessageBoxW(None, "Umeme umekatika", "Dodoma", 0)`. Kisanduku kitatokea.

“MessageBoxA na MessageBoxW ni kitu kimoja.” Jaribu A kwa maneno hayohayo: utaona U peke yake, na D juu yake. Python 3 kwenye Windows hupeleka herufi zetu kwa baiti mbilimbili, ya pili ikiwa sifuri. A husoma baiti mojamoja. Ikikuta sifuri inajua maneno yameisha. Tumia W.

“Python itapanga aina za data yenyewe.” Hii ndiyo inayoumiza wengi. GetSystemPowerStatus, iliyomo kernel32 (DLL, yaani faili la maktaba ya fanksheni za Windows), hairudishi asilimia ya betri. Inataka uipe muundo wa baiti 12 iujaze: sehemu nne za baiti moja (umeme, hali ya betri, asilimia, ubanaji wa matumizi), kisha mbili za baiti nne (sekunde zilizobaki, sekunde za betri iliyojaa). Kwa ctypes ni `c_ubyte` nne na `c_ulong` mbili, ukipeleka anwani ya muundo huo kwa `byref`.

Ukiweka `c_ulong` zote sita, umeme ukiwa umekatika na betri iko asilimia 88, sehemu ya kwanza itasomeka 5767424. Baiti nne zimeungwa zikawa namba moja: 88 × 65536 + 256 (hii 256 ni hali ya betri, 1 × 256). Hakuna ujumbe wowote wa kosa. Ukiweka `c_ubyte` zote sita ni hatari zaidi: Windows itaandika baiti sita nje ya eneo lako, na programu inaweza kuzimika ghafla mbali kabisa na mstari wenye kosa.

Ukishapanga sawasawa, sehemu ya kwanza ikiwa 0 umeme umekatika, 1 upo, 255 haijulikani. Kwenye asilimia pia 255 maana yake haijulikani. Usiichapishe kama chaji.

Jibu linalorudi nalo lina mtego. Usiposema chochote, ctypes hulichukulia kuwa namba ya biti 32 yenye alama, yaani inayoweza kuwa hasi. GetTickCount, inayohesabu milisekunde tangu mashine iwashwe, itageuka hasi baada ya siku 24 na saa 20 na ushee. Weka `argtypes` (aina za unavyopeleka) na `restype` (aina ya jibu) kabla ya kuita.

“Haikulalamika, basi imefanikiwa.” GetSystemPowerStatus ikishindwa hurudisha 0, na Python inaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Fungua kwa `ctypes.WinDLL("kernel32", use_last_error=True)`, na ukipata 0 andika `raise ctypes.WinError(ctypes.get_last_error())`.

“System32 ni ya biti 32.” Kwenye Windows ya biti 64 ni kinyume chake: za biti 32 zimo SysWOW64. Python ya biti 64 ikipewa DLL ya biti 32 hugoma kwa WinError 193. Kujua yako ni ipi, `import struct` kisha `struct.calcsize("P") * 8`.