Bata bukini akihema kwa mdomo wazi, hayo si mafua

Mama mmoja wa Luchelele, hapa Mwanza, aliniletea mimi daktari wa mifugo bata bukini wake mwezi wa Aprili, masika yamekolea, ndege kafungwa miguu kwa kamba ya katani na kuning'inizwa kichwa chini kwenye usukani wa bodaboda. Ndivyo tunavyobeba kuku kutoka sokoni, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mgonjwa wa pumzi habebwi hivyo. Nilimwamkia, akaitikia haraka: "Marahaba mwanangu. Huyu ana mafua, mchome sindano."

Ndege huyo anaitwa Shujaa. Ana miaka sita, usiku analinda uwanja na mitumbwi miwili iliyopakwa lami ukingoni. Siku hiyo shingo aliinyoosha juu, mdomo wazi, mkia ukipanda na kushuka kwa kila pumzi. Duka moja la dawa za mifugo lilikuwa limemuuzia mama tetrasaiklini, dawa ya bakteria, ya kuchoma siku tatu, bila mtu kumtazama ndege. Jioni alikuwa akinyweshwa maji ya pilipili kichaa na kitunguu saumu.

Neno mafua ndilo linalonikosesha usingizi. Kwa kuku lina mahali pake: mafua makali yapo, yanaletwa na bakteria, uso unavimba na makamasi yananuka, na dawa za bakteria zinasaidia. Lakini bakteria huyo ni wa kuku. Bata bukini akianza kuhema kwa shida, mara nyingi tatizo liko kwingine kabisa, na kila siku inayopotea kwenye sindano isiyomhusu ni siku ambayo pafu linazidi kuziba.

Ndege hapumui kama sisi. Hana ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Mapafu yake ni madogo, yamebanwa kwenye mbavu, wala hayatanuki na kusinyaa. Kazi ya kuvuta na kusukuma hewa inafanywa na vifuko vyembamba kama ngozi ya kitunguu, kwa kawaida tisa, vilivyotandazwa kuanzia shingoni hadi tumboni. Wazee wa upande wa Geita waliowahi kuona Warongo wakifua chuma wataelewa upesi: vifuko ni mivukuto, pafu ni moto. Mvukuto unapanda na kushuka, moto umekaa palepale unapulizwa. Na ili mivukuto hiyo ifanye kazi, lazima mfupa wa kidari usogee mbele na kurudi. Ukimkumbatia bata bukini kwa nguvu kifuani, hata kwa mapenzi, umezuia pumzi yake. Ukimning'iniza kichwa chini, matumbo yote yanalalia vifuko. Nimeona ndege akifa mikononi mwa mwenyewe, hapa mlangoni pangu, kwa sababu alikumbatiwa njia nzima kutoka Kisesa.

Kwa hiyo mbebe kwenye tenga pana au boksi lililotobolewa matundu, asimame au alale kwa kifua chake mwenyewe, kitambaa cheusi juu ili atulie. Bodaboda iende polepole. Ukilazimika kumshika, mkono mmoja upite chini ya tumbo, mwingine uzuie mabawa bila kubana, kichwa kitazame nyuma yako.

Na tafadhali, usimnyweshe kitu. Mfungue mdomo bata bukini mzima siku moja, vuta ulimi mbele kidogo, utaona nyuma yake mpasuko mdogo unaofunguka na kufungika. Huo ndio mlango wa hewa. Wetu una kifuniko kinachoziba tukimeza, wake hauna. Ndege anayehangaika kuvuta hewa anauacha mlango huo wazi muda mwingi, na kijiko cha pilipili, shubiri, mafuta au majivu kinaingia moja kwa moja. Shujaa alikuwa na ugonjwa mmoja alipoanza kunyweshwa. Alipofika kwangu, nilihofia alikuwa na miwili.

Mambo niliyomuuliza mama ndiyo ninayomuuliza kila mtu. Ameanza lini? Anakula? Kinyesi kikoje? Halafu lile ambalo watu hawalitegemei: sauti yake ikoje? Mama akanyamaza, kisha akasema, "Kweli, wiki mbili hizi hapigi kelele kama zamani. Anakoroma tu." Kwangu jibu hilo lilikuwa na uzito kuliko kifaa changu cha kusikilizia kifua. Kisanduku cha sauti cha ndege hakiko juu kooni kama chetu. Kiko chini, pale bomba la hewa linapogawanyika kuelekea mapafu mawili, na ni mahali pembamba. Uchafu wa ukungu ukiota pale, kinachoharibika kwanza ni sauti, na pumzi inafuata siku nyingi baadaye. Bata bukini ni ndege wa kelele. Akipoteza sauti usifurahie utulivu.

Sikumgusa kwa nusu saa. Nilimweka kwenye sanduku la plastiki lenye mfuniko wa kuonea, bomba la oksijeni likaingia upande, chumba kikawekwa giza. Watu wanashangaa: mgonjwa amefika, daktari anamtazama tu kwa mbali. Lakini ndege aliyeishiwa pumzi akishikwashikwa anaweza kufa hapohapo mezani. Nikatumia muda huo kuuliza kuhusu banda.

Kulikuwa na bata bukini wawili. Dume mdogo alikufa alfajiri ya siku hiyo, alikuwa bado hajazikwa. Nikamwomba mama mzoga, ukaletwa kwenye mfuko. Nilivaa barakoa na glavu, nikaulowesha manyoya kwa maji yenye sabuni ili vumbi lisiruke, nikaufungua. Vifuko vya hewa ambavyo vingepaswa kuwa vyembamba na vya kuonyesha upande wa pili vilikuwa vinene, vyeupe vyenye unjano, na kimoja cha upande wa kushoto kilikuwa na duara la rangi ya kijani ya kijivu, laini kama mahameli. Ulikuwa ule ukungu unaoota kwenye mkate uliosahauliwa, umestawi ndani ya kifua cha ndege aliyekuwa hai jana. Mama aliuangalia muda mrefu, akasema tu, "Na mimi nilikuwa namchoma sindano."

Ugonjwa huu unaitwa aspajilosisi, kutokana na kuvu wa kundi la Aspergillus. Hauambukizi kutoka ndege hadi ndege. Wote wanauvuta kutoka mahali pamoja. Luchelele chanzo kilikuwa pumba za mpunga zilizotandikwa bandani: zililetwa kutoka mashineni zikiwa mbichi, zikanyeshewa, zikashika joto, kisha zikakauka juu na kuanza kutoa vumbi. Chota gao moja la matandiko yako asubuhi, lirushe mahali mwale wa jua unapopenya. Ukiona wingu, au ukisikia harufu ya gunia la zamani, toa yote, yazike au yachome mbali na ndege. Maranda makavu ni bora kuliko pumba. Chakula nacho kina lawama yake. Pumba za mahindi zilizoshika ukungu huleta sumukuvu, na jamii ya bata huumizwa nayo haraka kuliko kuku. Kinga ya mwili ikishuka, kuvu anapata nafasi.

Dawa za bakteria hazimuui kuvu. Zikitumika muda mrefu zinamsaidia, na sindano za steroidi, zile ambazo baadhi ya wauzaji huchanganya "ili apate nguvu", zinamsaidia zaidi. Kinachotakiwa ni dawa ya kuvu, kama itrakonazoli, kwa kipimo kinachotokana na uzito wa ndege aliyewekwa kwenye mizani, kwa wiki nyingi. Vidonge hivyo vipo katika maduka ya dawa za binadamu, ila usivipime kwa macho. Ini la ndege linaweza kuumia.

Si kila anayehema ana ukungu. Bata anayefungua mdomo saa saba mchana katikati ya mawe ya Mabatini, mabawa kayaachia, huenda ana joto tu. Mpe kivuli na beseni la maji, akitulia baada ya muda mfupi hana tatizo. Vifaranga wanaonyoosha shingo, wanapiga miayo na kutikisa kichwa, nawafikiria minyoo ya bomba la hewa, inayopatikana kwa kula nyungunyungu na konokono. Hao dawa ya minyoo inawaponya vizuri. Jike mwenye tumbo zito, anayekaa kama pengwini, anaweza kuwa na yai lililokwama. Kwa kuwa hakuna ukuta kati ya tumbo na kifua, yai linabana vifuko vya hewa, na mwenyewe anakuja kwangu kulalamikia pumzi. Wanaoogelea kwenye matete nawamulika puani kwa tochi, kwa sababu wapo ruba wanaopenda pua za ndege wa majini. Ndege anapiga chafya, anasugua mdomo kwenye bawa, na mara nyingine damu inatoka.

Moshi nao. Ukanda wetu unakausha samaki kwa moshi, na mabanda ya bata mengi yameegemea jiko la kubanikia kwa sababu ukuta ni mmoja. Pafu la ndege linachukua hewa kwa ufanisi kuliko letu, na linachukua sumu kwa ufanisi uleule. Hamisha banda upande unakotoka upepo. Mkojo na kinyesi vilivyorundikana hutoa amonia, na njia ya kuipima ni rahisi: piga magoti mpaka pua yako iwe usawa wa kichwa cha bata. Macho yakikuwasha, yeye analala humo usiku kucha.

Kuna hali moja ambayo sitaki ulete ndege kwangu. Ukiona vifo vya ghafla, bata na kuku pamoja, au ndege wa porini wamekufa ufukweni na wako wameanza kuhema, usibebe, usichinje, usimgawie jirani. Piga simu kwa afisa mifugo wa kata, yeye atawahusisha wa maabara ya mifugo ya kanda hapa Mwanza. Januari 2017 homa ya mafua ya ndege aina ya H5N8 ilithibitishwa Uganda baada ya ndege wa porini kufa kwa wingi Lutembe, karibu na Entebbe. Ziwa ni hilihili, na ndege hawana mpaka. Hata mdondo, yaani kideri, una ujanja wake: bata bukini mara nyingi haumwi sana, lakini anaweza kuubeba hadi kwa kuku wako, kwa hiyo kuku wachanjwe kwa ratiba hata kama bata anaonekana mzima.

Jambo moja ningependa ulifanye leo jioni, ndege wako akiwa mzima. Kaa mbali naye, asikushtukie, mtazame mkia na kifua, hesabu pumzi kwa dakika nzima, andika kwenye simu. Mpime uzito pia, kwa kumbeba na kupanda mizani, kisha kutoa uzito wako. Bata huficha ugonjwa chini ya manyoya. Kidari kinabaki mfupa mtupu huku kwa macho anaonekana mnene. Ukija na namba mbili hizo, umenipunguzia nusu ya kubahatisha.

Shujaa alikaa kwangu siku nne, kisha akarudi nyumbani na dawa iliyopimwa, kila siku ndani ya tonge la ugali. Mama alitoa pumba zote, akatandika maranda, akatoboa madirisha mawili upande wa ziwani. Wiki ya tatu uzito uliacha kushuka. Baada ya miezi mitatu nikapita Luchelele kumwona. Alinijia mbio shingo chini, mabawa wazi, amekusudia kuniuma, mdomo umefungwa. Sauti haijarudi yote. Ni mkwaruzo, kama lango lenye kutu. Mama anasema wezi bado wanaikimbia.