Kichwa cha spreya kikae upande mmoja tu: ninavyochora vifuniko visivyokubali kufungwa kinyume

Mi nachora vifuniko vya chupa, hasa hizi chupa za spreya za kuvuta triga kwa vidole. Swali moja linarudi sana kutoka kwa wanaoanza kazi hii: kwa nini chupa nyingine ukifunga kichwa kinakaa sawa chenyewe, nozeli (tundu la kutolea dawa) mbele na triga mahali pake, na nyingine unakaza mpaka mwisho unakuta nozeli inaangalia ubavuni, ukilegeza kidogo ili ikae sawa, inavuja? Jibu ni kwamba hiyo ya pili wameuachia uzi wa shingo, yani ile mizunguko ya kukazia kifuniko, kazi tatu kwa mpigo: ushike kichwa, uzibe, na uamue kichwa kinaangalia wapi. Mbili za kwanza uzi unaziweza vizuri tu. Ya tatu haiwezi, na ukishaelewa kwa nini haiwezi, mengine yote kwenye kazi hii yanafuata.

Tuanze na hesabu maana ndo inayomaliza ubishi. Shingo inayotumika sana kwenye spreya ni ya milimita 28, utaiona imeandikwa 28/400, 28/410 au 28/415. Hiyo 28 ni kipenyo cha nje cha uzi, namba ya pili inakwambia aina ya uzi: 400 unazunguka shingo karibu mara moja, 410 mara moja na nusu, 415 mara mbili. Kwenye 28/400 kila mzunguko mmoja kamili unashusha kifuniko milimita 4.23. Sasa gawa hiyo kwa digrii 360, utaona kwamba milimita 0.1 tu ya tofauti ya kimo ni sawa na digrii 8.5 za kuzunguka. Sasa fikiria gasketi ya povu, kile kiduara laini cha kuziba kati ya kifuniko na shingo, moja imetoka nene kuliko mwenzake kwa milimita 0.2, hapo tayari umepotea digrii 17, hujaongeza bado shingo ya chupa iliyopoa vibaya, hujaongeza mkono wa mtu mwenye nguvu na mkono wa mtu asiye na nguvu, na hujaongeza kwamba gasketi ikibanwa muda mrefu inalegea, mtu akikaza tena kesho kichwa kinasogea mbele zaidi ya jana. Kwa hiyo mtu akiniambia "tutaweka mwanzo wa uzi mahali sahihi halafu kichwa kitakaa mbele", namwonyesha hesabu hii. Ungetakiwa kudhibiti kimo cha vitu vitatu vya plastiki kwa sehemu ndogo ya unywele, kwenye bidhaa inayozalishwa kwa mamilioni. Haiwezekani kwa gharama ya kawaida, na hata ikiwezekana haidumu.

Na hii sio urembo tu. Kwenye chupa ya duara kamili kichwa kikikaa popote utapata shida ya lebo peke yake. Lakini chupa nyingi za spreya ni bapa, zina ubavu mpana wa kubandika lebo na ubavu mwembamba, na nozeli inatakiwa iangalie upande wa ubavu mwembamba. Bega la nyuma limechongwa lipokee sehemu kati ya kidole gumba na cha shahada, kidole cha kuvuta triga kipite mbele. Kichwa kikigeuka mkono haushiki vizuri, kikigeuka kabisa nyuma mbele, dawa inamjia mwenye chupa usoni, na humu ndani mara nyingi kuna klorini au asidi ya kusafishia, sio maji ya waridi. Kuna kingine ambacho watu hawakioni: mrija. Ukitazama mrija mzuri utaona umepinda kidogo chini, unaelekea mbele, kwa sababu mtu anapopulizia anainamisha chupa mbele na dawa iliyobaki inakimbilia kona ile. Kichwa kikifungwa kinyume mrija unaangalia kona kavu, spreya inaanza kukohoa hewa wakati chupa bado ina dawa ya kutosha, na mtu anaitupa akidhani imeharibika.

Njia ya kwanza ya kutoka hapo, na ndo iliyozoeleka kuliko zote, ni kola huru. Yani kola, ile pete ya chini yenye uzi, inazunguka peke yake na kichwa kinakaa juu yake bila kufuata, unashika kichwa mkono mmoja kikiangalia mbele, unakaza kola kwa mkono mwingine. Siidharau hata kidogo. Ni rahisi, inakubali chupa za kila aina, mtu anafungua anajaza tena anafunga. Ila ujue imefanya nini: imeutoa mwelekeo kwenye uzi ikaukabidhi kwa mtu. Na mwishoni kabisa mwa kukaza, pale gasketi inapoanza kubanwa, msuguano unakishika kichwa unakivuta kifuate kola, ndo maana unakuta umekishika sawa kabisa halafu ukiachia kimeenda pembeni kidogo. Kiwandani mashine lazima iwe na kishikio cha kukizuia kichwa kisizunguke, na kishikio kikichakaa kundi zima linatoka limepinda.

Njia ya pili ni bayoneti, na hapa ndo kuna kazi ya kuchora kwelikweli. Shingo haina uzi, ina meno mawili makubwa yanayotokeza pembeni, kola ina madirisha mawili, unasukuma kichwa chini moja kwa moja mpaka meno yaingie madirishani, unasikia tak. Hapo mwelekeo unaamuliwa na jino limeingia dirisha gani, kimo hakihusiki tena. Lakini ili iwe hivyo ni lazima kuziba kuhame. Ukiacha gasketi bapa inayohitaji kubanwa kutoka juu, utakuwa umerudi kwenye shida ya kimo kwa mlango mwingine, maana jino litaingia lakini gasketi haijabanwa vya kutosha. Mi napendelea pete nyembamba ya plastiki inayoteremka ndani ya shingo na kubana ukuta wa ndani pembeni, hiyo ikishuka milimita 0.3 zaidi au pungufu bado imebana ukuta uleule na haivuji. Kwangu hii ndo kanuni ya kazi nzima: kinachoziba kiwe chake, kinachoshika kiwe chake, kinachoelekeza kiwe chake. Kila nilipoona kifuniko kinasumbua watu, mawili kati ya hayo yalikuwa yamefungwa kamba moja.

Sasa ukiwa na meno mawili yanayofanana, yanayotazamana, umetengeneza kifuniko kinachoingia vizuri kwa njia mbili, ya sawa na ya nyuma mbele, na vyote viwili vinatoa tak ileile. Hii naiona mara nyingi sana na inaniuma, kwa sababu mchoraji amefanya kazi yote ngumu halafu ameacha mlango wazi. Watu wanajitetea kwa kuchora mshale. Mshale hausomwi na mtu mwenye glavu zilizolowa, hausomwi gizani, na mashine haiusomi kabisa bila kamera. Shigeo Shingo, yule mhandisi wa Kijapani aliyefanya kazi na Toyota, alishatenganisha jambo hili miaka ya 1960: kuna kinga inayokuonya na kuna kinga inayokuzuia. Kwenye chupa ya kemikali mi nataka inayozuia. Angalia laini ya simu, ile kona moja iliyokatwa inatosha, hakuna anayehitaji maelezo.

Namna ya kuvunja ulinganifu ziko kadhaa na sio zote ni sawa. Ya haraka ni kufanya jino moja pana kuliko jingine, lakini hapo kuna mitego miwili. Mtego wa kwanza ni tofauti ndogo: jino la milimita 6 na dirisha la 6, upande wa pili jino la 7 na dirisha la 7, kwenye karatasi inazuia, kwenye mkono haizuii, kwa sababu polipropilini, plastiki ya vifuniko hivi, inanyumbulika na mtu akipiga kwa kiganja jino la 7 litajipenyeza kwenye dirisha la 6 na litakaa humo. Mi nikiamua kutumia upana, natofautisha 6 na 10, ili asiyefunga sawa asifike hata nusu. Mtego wa pili ni kwamba jino pana linashika kwa nguvu kuliko jembamba, kichwa kikivutwa kinainuka upande mmoja, na pale kinapoinuka pete ya kuziba inapinda, chupa inavuja ikianguka tu. Kwa hiyo siku hizi naacha meno mawili yafanane kabisa, yafanye kazi ya kushika tu, halafu naweka mbavu moja ya pekee, yani kinundu chembamba kilichosimama, kwenye bega la chupa upande wa nyuma, na mfereji wake mmoja kwenye sketi ya kola, yani ukingo wake wa chini. Mbavu iwe ndefu, iguse kabla meno hayajaanza kuingia. Hilo ni la muhimu kuliko upana wake, kwa sababu mtu anatakiwa akataliwe mapema, wakati bado hajaweka nguvu, ajue tu kwamba bado na azungushe. Akikataliwa akiwa ameshasukuma nusu, ataongeza nguvu, hiyo ni tabia ya mkono wa kila mtu.

Kuhusu uhuru wa kucheza, usiogope sana. Kwenye kipenyo cha milimita 28 digrii moja ni kama milimita 0.24 kwenye ukingo, kwa hiyo nafasi ya 0.2 kila upande wa mbavu inakupa chini ya digrii moja ya kuyumba kwenda kila upande. Jicho halioni hiyo, mi mwenyewe naanza kuona kichwa kimepinda kikifika digrii 5 hivi kwenye chupa bapa.

Watu wakishaelewa mbavu, wanataka zaidi, wanataka kichwa kijizungushe chenyewe, yani ukidondoshe vyovyote kiteleze kwenye miteremko kitulie mbele. Wazo zuri, ila lina kikomo na kikomo chake ni kimo. Mteremko ukiwa mlalo sana plastiki inakwama kwa msuguano badala ya kuteleza, kwa hiyo mi sishuki chini ya digrii 35 za mwinuko. Ukitaka uongoze digrii 30 za kuzunguka kila upande, huo ni mwendo wa milimita 7.3 kwenye ukingo, na kwa mwinuko huo mteremko unahitaji kimo cha milimita 5. Sawa, hiyo inaingia. Ukitaka uongoze nusu duara nzima, unahitaji kama milimita 31, shingo inakuwa ndefu kuliko kichwa chenyewe. Kwa hiyo acha mteremko ufanye digrii 30 za mwisho, mkono au mashine ifanye zilizobaki.

Kuna jambo moja linawakamata hata wenye uzoefu, nalo ni chupa ilivyozaliwa. Chupa ya HDPE (ile plastiki yenye ukungu) inayopulizwa moja kwa moja kutoka kwenye bomba la plastiki laini, shingo na mwili vinatoka moldi moja, kwa hiyo meno yako ya shingoni yatakuwa mahali palepale ukilinganisha na mwili kila mara. Chupa ya PET (plastiki angavu kama ya chupa za maji) kwa kawaida haiko hivyo. Shingo inatengenezwa kwanza kwenye kile kichupa kidogo kinene, halafu kichupa kinapelekwa kwenye tanuri na humo kinazungushwa kwenye mhimili wake ili kipate joto sawa pande zote, kikitoka kinaingia moldi ya kupuliza kikiwa kinaangalia kokote kilikosimama. Ukichora meno ya bayoneti kwenye shingo ya PET ya chupa bapa bila kumwambia mtu wa kupuliza, utapata meno mazuri yaliyokaa pembe tofauti kila chupa. Lazima kuwe na alama ya kushikia kwenye ile pete ya shingo, pengo dogo tu, na mashine iwe na kifaa cha kukigeuza kichupa mpaka pengo likae mahali pake. Uliza hili kabla hujachora chochote, maana gharama yake inaweza ikakurudisha kwenye kola huru, na hiyo sio aibu.

Majaribio nayafanya bila kuongea. Nampa mtu chupa na kichwa, natazama mikono yake tu, kwanza mikavu, kisha amevaa glavu zenye sabuni, kisha hatazami. Anayesita nataka kujua amesita wapi. Anayefanikiwa kufunga kinyume, hata kwa kupiga na meza, kifuniko kinarudi kwenye kuchorwa. Na usijaribu mkao wa tak kwa sampuli za resini zilizochapishwa kwa mashine ya 3D, resini nyingi ni ngumu na inakatika, itakudanganya pande zote mbili, itavunjika pale polipropilini ingenyumbulika na itakataa pale polipropilini ingejipenyeza. Umbo na mwelekeo pima kwa resini, nguvu ya kuingia na kutoka subiri moldi ya majaribio.

La mwisho ni kujaza tena. Bayoneti nyingi zimechorwa zisitoke, na kwa dawa kali kuna sababu, lakini kwa sabuni ya kioo ni kumlazimisha mtu atupe triga, spring na nozeli vyote vizima. Inawezekana kuweka meno yanayoachia ukibonyeza sketi pande mbili, na hapo mbavu inakuwa na thamani zaidi, kwa sababu sasa anayefunga kwa mara ya pili ni mtu nyumbani, hana mashine wala kishikio. Kwenye mchoro nandika pembe ya mbavu kwa kupima kutoka mstari wa kuungana wa moldi ya chupa, sio kutoka lebo wala katikati ya nozeli, na naweka pembe ya mpindo wa mrija kwenye ukurasa uleule, ili anayeunganisha mrija na anayekata moldi wasome namba moja.