Je, Wajua? Kwa Nini Mti wa Dawa Unaweza Kuibwa Bila Kung'olewa

Katika jangwa la Kalahari, wawindaji wa jamii ya Wasan walitafuna shina la mmea wenye miiba uitwao hoodia walipomfuatilia mnyama kwa siku kadhaa. Waliutumia kuzima njaa na kiu. Miaka ya 1960, taasisi ya utafiti ya serikali ya Afrika Kusini, CSIR, ilianza kuuchunguza pamoja na mimea pori mingine inayoliwa. Katikati ya miaka ya 1990 taasisi hiyo ikaombea hataza kemikali za hoodia zilizoaminika kuzima njaa. Hataza ni haki ya kisheria inayompa mgunduzi mamlaka ya kuwazuia wengine wasiutumie ugunduzi wake kibiashara, kwa kawaida kwa miaka 20. CSIR ikaipa leseni kampuni ya Uingereza, Phytopharm, nayo ikaipitisha kwa Pfizer ya Marekani. Wote walikuwa wanaiona mbele yao dawa ya kupunguza unene.

Wasan hawakuambiwa lolote. Habari zilipofika magazetini mwaka 2001, mkuu wa Phytopharm alieleza kwamba alidhani watu waliougundua mmea ule walishatoweka duniani. Wakati huo Wasan wapatao laki moja walikuwa wakiishi Afrika Kusini, Namibia, Botswana na nchi jirani.

Hakuna aliyeng'oa hoodia yao yote wala kuwakataza kuitafuna. Basi kwa nini wengi, nami nikiwamo, tunauita huu wizi?

Jibu linaanzia kwenye swali la kazi. Anayesema mimea ni ya Mungu na kila mtu ana haki nayo amesema kweli nusu. Mmea ni wa wote, lakini kujua kwamba mzizi wake unatibu ilhali jani lake linaua, kwamba gome huchumwa msimu huu na si ule, kwamba kiasi fulani kinaponya na kikizidi kinapofusha, hayo hayakuota porini. Ni utafiti. Walioufanya waliutazama mwili wa mgonjwa mmoja baada ya mwingine, vizazi kwa vizazi, na wengine walilipa kwa maisha yao dawa ilipokosewa. Duniani kuna mamia ya maelfu ya aina za mimea. Mkemia akianza kuipima yote bila mwongozo, atazeeka maabara. Mwaka 1985 Norman Farnsworth, mtafiti wa dawa za mimea, na wenzake walichambua kemikali 119 za mimea zilizokuwa zikitumika kama dawa, wakakuta takriban asilimia 74 zilipatikana kwa kufuata namna wenyeji walivyokuwa wakiutumia mmea husika. Mganga ndiye aliyeonyesha mahali pa kuchimba, na mahesabu ya kampuni yakija, jina lake halimo.

Hataza huongeza jeraha kwa sababu hutolewa kwa kitu kipya tu, na upya huo mara nyingi hupimwa kwa maandishi. Maarifa yanayoishi vinywani mwa watu hayaonekani kwenye meza ya mkaguzi aliye mbali. Mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza kwa Chuo Kikuu cha Mississippi juu ya matumizi ya manjano kuponya vidonda, jambo ambalo India imelifanya tangu kale. Baraza la utafiti la serikali ya India lilipinga, likapeleka andiko la Kisanskriti na makala ya kitabibu ya mwaka 1953, na hataza ikafutwa mwaka 1997. Mwarobaini ulichukua muda zaidi: hataza ya Ulaya iliyotolewa mwaka 1994 kwa kampuni ya W. R. Grace na Wizara ya Kilimo ya Marekani, juu ya kutumia mafuta yake kupambana na kuvu wa mimea, ilibatilishwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa mwaka 2005. Kuanzia mwaka 2001 India ikajenga hifadhidata ya tiba zake za jadi ili wakaguzi wa hataza wa nchi nyingine wawe na pa kutazama.

India ilishinda kwa kuwa ilikuwa na vitabu, wanasheria na serikali yenye nguvu. Jamii isiyoandika haina makala ya mwaka 1953 ya kuonyesha. Na ikiandika kila kitu ili ijilinde, imemfungulia kila mpita njia ghala lake. Ndiyo maana hifadhidata ya India haikuwekwa wazi kwa umma. Ilianza kwa kufunguliwa kwa ofisi za hataza zilizotia saini makubaliano ya kutunza siri.

Tukio jingine ni gumu zaidi, na halitatuliwi kwa hasira. Miaka ya 1950, maabara ya Robert Noble nchini Kanada ilipokea kutoka Jamaika majani ya Catharanthus roseus, ua dogo la rangi ya waridi lenye asili ya Madagaska, kwa sababu Jamaika yalichemshwa kutibu kisukari. Sukari ya panya haikushuka. Kilichoshuka ni chembe nyeupe za damu. Hapo ndipo ilipoanza safari ya vinblastini, na kampuni ya Eli Lilly ikapata pia vinkristini, dawa mbili ambazo hadi leo zinaokoa watoto wenye saratani ya damu na wagonjwa wa saratani nyingine. Je, nani anadaiwa na nani? Asili ya mmea ni Madagaska, fununu ilitoka Jamaika, ua limeshaenea nchi zote za joto, na mwenyeji alitaja kisukari, si saratani. Wapo wanaosema hapa deni halipo. Sikubaliani nao. Bila wale wanywaji wa chai ya majani hayo, bahasha ya majani isingefika Kanada. Ugumu wa kukokotoa deni haulifuti; unabadilisha tu namna ya kulilipa, kwa mfano kupitia mfuko wa pamoja badala ya hundi ya kijiji kimoja. Halafu kuna maarifa ambayo kwa kweli yamekuwa ya wote: Tu Youyou wa China, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, aliipata artemisinini, dawa ya malaria, baada ya kusoma andiko la kitabibu la Ge Hong la karne ya nne lililoeleza kuloweka mmea na kuukamua bila kuuchemsha. Yeye alimtaja Ge Hong waziwazi. Hilo pekee tayari ni uungwana ambao wengi hawakuufikia.

Lakini fedha si kiini cha jambo, ingawa ndizo zinazovuta macho. Kiini ni ridhaa: nani ana haki ya kusema ndiyo, na akisema hapana itakuwaje?

Mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia, kwa fedha za serikali ya Marekani, walianza mradi wa kutafuta dawa katika mimea ya Wamaya wa Chiapas, Meksiko. Walizunguka vijijini kuomba idhini na waliahidi mgawo wa faida. Kwa viwango vya wakati ule, walijitahidi kuliko wengi. Muungano wa waganga wa jimbo ukapinga, ukisema kijiji kimoja hakiwezi kuuza kile ambacho vijiji vyote vinakijua, na mwaka 2001 mradi ukafungwa. Wapo waliosikitika kwamba fursa imepotea. Mimi naona ule ndio wakati mradi ulipojaribiwa kweli, kwa sababu ruhusa isiyoweza kukataliwa ni taarifa tu iliyovaa nguo za ombi.

Hata palipo na nia njema, swali la nani anasema ndiyo linakata ndani ya jamii yenyewe. Mwaka 1987 wanasayansi waliokuwa milimani Kerala, kusini mwa India, waliwaona vijana wa kabila la Kani waliowaongoza njia wakila matunda fulani na kuendelea kupanda bila kuchoka. Vijana walisita kutaja mmea, kisha wakautaja. Ikatengenezwa dawa ya kuongeza nguvu, Jeevani, na taasisi ya utafiti ikakubali kuwapa Kani nusu ya ada ya leseni na ya mrabaha, yaani sehemu ya mapato ya mauzo, kupitia mfuko uliosajiliwa mwaka 1997. Ulimwengu ulisifu. Wakati huohuo baadhi ya waganga wazee wa Kani walilalamika kwamba siri ile haikuwa ya vijana kuitoa. Nawaelewa wazee hao. Mtafiti aliyeuliza watu waliokuwa karibu naye alipata jibu haraka, na haraka hiyo ikampita mwenye mamlaka.

Na mmea wenyewe? Gome la Prunus africana, mti wa milima ya Afrika, hutumika Ulaya kutibu uvimbe wa tezi dume tangu miaka ya 1960. Mganga huchuna upande mmoja na kuuacha mti upone. Soko linapodai tani kwa tani, mti huchunwa mzunguko mzima na kufa. Mwaka 1995 ilibidi biashara yake iwekwe chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka. Mwenyeji hapo hupoteza mara mbili, kwa kuwa hata dawa aliyokuwa akiwapa jirani zake inaadimika.

Sheria zimekuja taratibu. Mkataba wa Bayoanuai wa mwaka 1992 ulisema kila nchi ina mamlaka juu ya viumbe vyake na kwamba faida igawanywe kwa haki. Marekani, yenye kampuni kubwa za dawa, haijauridhia hadi leo. Itifaki ya Nagoya, nyongeza ya mkataba huo iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kazi mwaka 2014, ilitaja wazi ridhaa ya jamii zenye maarifa. Mwezi Mei 2024 nchi wanachama wa Shirika la Miliki Bunifu Duniani zikakubaliana mkataba utakaomlazimu mwombaji wa hataza kutaja nchi mmea ulikotoka na jamii iliyotoa maarifa.

Wasan nao hawakusubiri. Mwaka 2003 walisaini makubaliano na CSIR: asilimia 6 ya mrabaha na asilimia 8 ya malipo ya hatua za utafiti, yote yakihesabiwa kwenye kile ambacho CSIR itapokea, wala si kwenye mauzo ya dawa madukani. Pfizer ikajitoa mwaka huohuo, Unilever ikaingia kisha ikaacha mwaka 2008, na utajiri uliotarajiwa haukuja. Somo walilobaki nalo lilikuwa la utaratibu. Mwaka 2017 walitangaza kanuni zao wenyewe za maadili ya utafiti: heshima, uaminifu, haki, kujali, na kufuata mchakato wa jamii. Kiongozi wao, marehemu Andries Steenkamp, alikuwa akiwaomba watafiti waingie kupitia mlangoni, si dirishani.

Dirisha jipya limeshafunguka. Sasa mtu anaweza kupakua mpangilio wa vinasaba vya mmea kutoka hifadhidata ya wazi na kutengeneza kemikali yake maabara, bila kukanyaga msitu wala kumwona mganga. Mwezi Februari 2025 ulizinduliwa Mfuko wa Cali, ambao unataka kampuni kubwa zinazonufaika na taarifa hizo zichangie asilimia 1 ya faida yao au asilimia 0.1 ya mapato, na angalau nusu ya fedha hizo iende kwa watu wa asili na jamii za wenyeji. Uchangiaji ni wa hiari. Hatuhitaji miaka mingine 20 ya kesi na magazeti ili kujua hiari hiyo itawafikisha wapi wenye maarifa: bila sheria za nchi kuugeuza mchango huo kuwa wajibu, watakaolipa ni wale ambao wangelipa hata wasipoombwa.