Fotolisisi: jua linavyovunja kemikali ziwani

Khanga inayoanikwa juani kila siku hupauka. Maji na sabuni husingiziwa, kumbe mwanga nao umekuwa ukizivunja molekuli za rangi. Kemikali kuvunjwa na mwanga namna hiyo huitwa fotolisisi, na huzipata pia dawa na viuatilifu vinavyoishia mitoni na maziwani.

Chukua diklofenaki, kidonge cha maumivu kinachopatikana karibu kila duka la dawa. Mgonjwa hutoa sehemu yake kwa mkojo, na mitambo ya maji taka haiimalizi. Mwaka 1998 watafiti wa Uswisi walieleza yaliyoisibu dawa hiyo katika ziwa Greifensee, karibu na Zürich: iliingia na mito, ila sehemu kubwa haikufika kwenye maji yanayotoka. Wakatia diklofenaki kwenye maji ya ziwa. Yaliyowekwa juani, dawa ilipungua upesi; yaliyokaa gizani, ilibaki vilevile. Mshukiwa wa kwanza huwa ni bakteria, lakini hapa kazi ilikuwa ya jua. Molekuli ya diklofenaki yenyewe hufyonza mionzi ya urujuanimno, na vifungo vyake hukatika.

Kemikali nyingine hazifyonzi mwanga huo, au huufyonza kidogo mno. Hizo huhitaji wakala. Majani yaliyooza hutoa vitu vinavyoyapa maji rangi ya chai; vitu hivyo hunasa mwanga na kuzalisha oksijeni iliyochangamka pamoja na radikali za haidroksili, yaani vipande vya molekuli visivyotulia, ambazo hushambulia karibu chochote zinachokigusa. Naitreti, kemikali ya mbolea inayotoka mashambani, nayo huzalisha radikali hizo.

Ila wakala huyohuyo ni pazia. Mto Ruki, unaoingia mto Kongo karibu na Mbandaka, ni mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, na mwanga haufiki mbali ndani yake. Maji ya tope ni hivyohivyo: jua hufanya kazi juu tu, na kilichozama kwenye matope hakiguswi.

Tena, kuvunjika si kuisha. Triklosani, iliyotiwa miaka mingi kwenye sabuni za kuua vijidudu, huvunjwa na jua upesi, hasa katika maji yenye alkali. Sehemu yake ndogo hugeuka kuwa aina ya dioksini, kundi la kemikali ambazo baadhi yake ni sumu kali. Si ile kali inayoogopwa zaidi, lakini ni dioksini, na anayepima triklosani peke yake ataandika kwamba maji yamesafika.