Mbunge mwanamke wa kwanza Uingereza sio Nancy Astor

Kila mwaka naona watu wanapost eti Nancy Astor ndo mwanamke wa kwanza kuchaguliwa bunge la Uingereza. Hapana jamani. Astor aliingia 1919 na ndo wa kwanza kukaa kwenye kiti, ila kuchaguliwa alitanguliwa na Constance Markievicz, Disemba 1918, jimbo moja la Dublin, Ireland (enzi hizo ilikuwa chini ya Uingereza), na siku hiyo alikuwa jela ya Holloway, London!

Huyu mama katoka familia ya kitajiri kabisa, Gore-Booth wa Lissadell kule Sligo, Ireland, mashamba na farasi, halafu 1916 akashika bunduki kwenye uasi wa Dublin dhidi ya utawala wa Waingereza, akahukumiwa kifo, wakampunguzia kuwa kifungo cha maisha kisa ni mwanamke, mwaka uliofuata akaachiwa.

Sasa kwa nini hakukaa kwenye kiti? Wengi wanadhani ni sababu ya jela tu. Wapi! Chama chake Sinn Féin, cha wapigania uhuru wa Ireland, kiligomea bunge la London na kuunda bunge lao Dublin, Januari 1919, na jina la Markievicz lilipoitwa humo likajibiwa kuwa kafungwa na wageni, yaani Waingereza. Mwaka huohuo wakampa uwaziri wa kazi.