Namba Kubwa Haiwi Tasa kwa Sura

Juzi jioni hapa Uyole, Mbeya, kwenye masomo ya ziada, kijana wa kidato cha pili aliniletea jibu lile lile: "Mwalimu, 10,001 ni tasa. Haigawanyiki kwa 2, wala 3, wala 5, wala 7." Mwaka huu nimelisikia mpaka nimechoka, na wazazi nao wanalirudia wakiwasaidia watoto nyumbani. Namba tasa ni ile yenye vigawo viwili tu, yaani inagawanyika bila baki kwa 1 na kwa yenyewe basi; hizo nne ni mwanzo tu wa kazi ya kuipima!

Nilikaa naye tukagawanya. Kwa 11, baki 2. Kwa 13, baki 4. Kwa 17, baki 5. Namba tasa 20 za kwanza, kuanzia 2 hadi 71, zote zikaacha baki. Ya 21 ni 73, na hapo ikagawanyika: 73 mara 137. Ukitoa tanurini matofali 10,001, unayapanga safu 73 za matofali 137, na hakuna hata moja linalobaki pembeni. Yangekuwa idadi tasa, yasingekubali mpangilio wowote isipokuwa mstari mmoja mrefu.

Wapo wanaokosea upande wa pili, wanataka kugawanya mpaka nusu ya namba. Kazi bure. Vigawo huja viwili viwili, na vyote viwili vikizidi kipeuo cha pili cha namba (ile ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unaipata namba hiyo), zao lao litaipita namba yenyewe. Kipeuo cha pili cha 10,001 ni 100 na chembe kidogo, na chini ya 100 tasa ni 25 tu. Wanafunzi wangu wanaziandika zote nyuma ya daftari. Asiyeziandika simsahihishii.

Kubahatisha kumewaponza hata wakubwa. Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, aliamini 4,294,967,297 ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati Euler akaonyesha kwamba inagawanyika kwa 641.

Eti namba ikiwa kubwa ina vigawo vingi? 60 ina vigawo 12. 65,537 ina viwili tu, 1 na yenyewe. Eti ukijumlisha tarakimu utajua kama namba inagawanyika kwa 7? Kanuni hiyo ni ya 3 na 9. Chukua 25: tarakimu zake zinaleta 7, lakini 25 haigawanyiki kwa 7. Na ile inayoitwa "tasa ya mwisho" haipo. Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alithibitisha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwamba namba tasa hazina mwisho. Ile iliyotangazwa Oktoba 2024, yenye tarakimu 41,024,320, ilikuwa kubwa kuliko zote zilizojulikana hadi siku hiyo, basi.

Yule kijana nilimpa 10,007 aende nayo nyumbani. Leo ameirudisha: kurasa tatu, migawanyo 25, kila mmoja na baki lake. Hiyo kweli ni tasa.